Maziwa ya Walio Karibu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo tumepokea lita 588 za maziwa na msichana mmoja. Lita nilizitarajia. Msichana ametoka chuo kikuu na barua yenye mhuri, mwaka wa nne, anasomea sayansi ya vyakula, na atakaa hapa kituoni wiki kumi na mbili kwa ile wanaita atachimenti, mafunzo ya kazini. Jina lake Amira. Ni binti wa Khalifa, yule mwenye bucha Embu mjini karibu na stendi. Barua inasema mimi ndimi msimamizi wake na nitamjazia fomu ya alama mia: mawasiliano ishirini, kufanya kazi na wenzake ishirini, kutatua matatizo ishirini, nidhamu ishirini, maarifa ya kazi ishirini. Juu yake imeandikwa "Ujuzi unaohitajika kazini".

Mimi niliacha shule kidato cha pili. Nilianza hapa mwaka wa 1998 nikiosha mitungi na hakuna aliyenijazia fomu. Sasa ni kaimu meneja wa kituo, miaka sita na miezi miwili, na tarehe 26 Novemba kamati ya ushirika itaamua kama neno "kaimu" litatoka au nitatoka mimi. Runji, mwenyekiti, ameniambia kuna wajumbe wanaotaka mtu wa digrii. "Lakini rekodi yako ni safi, Muriithi. Wewe usiichafue tu."

Msichana lazima aandike daftari kila siku nami nilitie sahihi. Nimeona si haki yeye awe na lake na mimi nisiwe na langu. Ndiyo sababu ya hili.

Jumanne, 9 Septemba

Koti jeupe, gambuti mpya. Ameosha mitungi arobaini kwa maji baridi. Tumerudia yote arobaini.

Ijumaa, 12 Septemba

Foleni imempa jina: Daktari. Asubuhi mzee mmoja kamwuliza, "Daktari, ng'ombe wangu anakohoa, nimfanyie nini?" Akajibu bila kuinua macho, "Mlete kwa baba yangu, atapona siku hiyo hiyo." Watu walicheka mpaka maziwa yakamwagika. Hata mimi, kidogo. Lakini akiwaeleza mambo ya usafi anaongea kama anasoma hotuba. Mawasiliano: 11.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemweleza mpango wangu, maana huo hauko kwenye vitabu vyao. Zamani foleni ilichukua dakika hamsini. Tangu Agosti nimeamuru wanaoishi karibu waje kwanza, saa kumi na mbili kamili, wakishakamua tu. Wa mbali, wanaoteremsha maziwa kwa pikipiki kutoka juu karibu na msitu, huja baadaye. Foleni sasa ni dakika ishirini na mbili. Kamati ilinipigia makofi.

"Ulifikiriaje hilo, mzee?"

"Kwa kichwa," nikamwambia.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo kauliza, "Kwa nini ishirini na nane?"

Kila mtungi tunautumbukizia laktomita, kile chombo cha kioo kinachoelea. Kikisoma 28 na kupanda, maziwa ni maziwa. Chini ya 28 kuna maji ndani. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenitangulia, na yeye alifundishwa hivyo hivyo.

"Kwa sababu ni ishirini na nane."

Akaandika kwenye daftari lake. Sikupenda namna alivyoandika. Baadaye akauliza kipimajoto kiko wapi. Nikamwambia kilivunjika mwaka wa 2019 na mkono wangu unatosha.

Alhamisi, 25 Septemba

Jambo baya. Kagure, lita tatu na nusu: 26.5. Nimepima mara mbili. Huyu namwita tata, shangazi, maana yeye na marehemu mama yangu Gladwell walibatizwa siku moja na walienda kuni pamoja. Nyumba yake iko hatua mia tatu kutoka hapa.

Sheria ya kituo haijui tata. Maziwa yenye maji yanamwagwa mbele ya foleni, na mtungi unapinduliwa juu ya nguzo ya ua hadi saa sita mchana, kila apitaye auone. Mara tatu, jina linakatwa kwenye orodha ya wanachama. Nikayamwaga.

"Sikuweka maji, mwana wa Gladwell," akasema.

"Kioo kimesema, tata."

"Na mimi nimesema nini?"

Ijumaa, 3 Oktoba

Kagure: 26. Nikamwaga. Alisimama kando ya nguzo, mikono kiunoni, akautazama mtungi wake kama mtu anayelinda mzoga. Alikuja kuuchukua saa sita kamili, si dakika moja kabla.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua imeanza rasmi, milimita 31 kwenye kopo langu la kupimia. Nyasi zitaota, maziwa yatapanda. Lita 640.

Kagure: 26.5. Mara ya tatu. Nimelikata jina lake, nambari 117, kwa kalamu nyekundu na rula. Matope yalifanya maziwa yaonekane kama chai. Katika foleni mmoja alisema kwa sauti, "Uzee na wizi!" na Kagure alimsikia.

Amira alikuwa ameshika mtungi. Hakutaka kuupindua. Nikaupindua mwenyewe. Kufanya kazi na wenzake: 8.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Ng'ombe hawana habari nayo. Amira ametoka mjini na kipimajoto alichonunua mwenyewe kwenye duka la dawa za mifugo. Ameomba apime kila mtungi baada yangu, aandike tu. Nikamwambia ilimradi asicheleweshe foleni. Amechelewesha dakika nne.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua. Lita 702.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Lita 731. Ameomba vitabu vyangu vya kupokelea maziwa, vyote sita, tangu niwe kaimu. Nilimpa kwa fahari. Hakuna kituo kutoka Kianjokoma hadi Manyatta chenye vitabu kama vile: tarehe, jina, lita, kipimo, saa ya kufika. Hakuna mstari uliorukwa.

Jumanne, 4 Novemba

Naandika haya mchana, mlango umefungwa.

Saa nne aliniita ofisini. "Mzee, naomba usinikasirikie kabla sijamaliza."

"Mtu akianza hivyo, hasira imeshafika."

Mezani palikuwa na jagi la maziwa. Nikauliza ya nani. "Yako," akasema. Kumbe alikuwa ametoka kwangu muda huo huo, mke wangu amemkamulia lita moja ya maziwa ya ng'ombe wetu, akaja nayo mbio amelizungushia jagi kitambaa. Kipimajoto: 33. Akaniambia nitumbukize laktomita mwenyewe.

26.5.

Yule ng'ombe kwa kawaida namkamua mimi. Maziwa yale hayajawahi kuona tone la maji. Nikapima tena, 26.5. Kisha akaliweka jagi kwenye beseni la maji baridi, tukakaa. Kipimajoto kilipofika 20 akasema, "Sasa."

29. Jagi lile lile.

Akanieleza pole pole. Kioo kile kimetengenezwa kusoma maziwa ya nyuzi ishirini. Yakiwa na joto zaidi yanakuwa mepesi, kioo kinazama, kinasoma chini. Kila nyuzi moja juu ya ishirini, ongeza sehemu mbili za kumi. Yakiwa baridi, punguza vivyo hivyo. Hesabu ya darasa la sita. Nyuzi kumi na tatu mara sifuri nukta mbili ni mbili nukta sita. Ongeza 26.5. Niliipiga kichwani kabla hajafika kwenye kalamu.

Miaka sita mimi huleta maziwa yangu mwisho, nikishamaliza foleni, yamepoa. Nimejipima kila siku na sijajikataa hata siku moja.

Halafu akafungua vitabu vyangu. "Miaka sita umekataa mitungi mia mbili kumi na moja. Mia moja tisini ni ya nyumba zilizo karibu. Hamsini na minane kati ya hiyo ni kuanzia Agosti, uliposema waje wakishakamua tu."

Nikavichukua na kuhesabu upya. Ilinichukua saa moja. Nikamwambia amekosea: iliyokataliwa ni 214. Mitatu aliyoruka ilikuwa ya walio karibu pia.

"Ulisomea haya?" nikamwuliza. "Mbona hukusema tangu siku ya kwanza?"

"Chuoni tulipima maziwa ya jokofu, mzee. Mwalimu alitupa jedwali la joto, nikalikariri, nikaandika kwenye mtihani, nikapata B. Sikujua linamhusu mtu. Nilipomwona yule shosho Kagure kando ya nguzo ndipo nikakumbuka kuna jedwali."

Kisha akataja, kama jambo dogo, kwamba maziwa ya baridi yanatudanganya upande wa pili. Ya Runji mwenyekiti, anayekaa juu kabisa na huchanganya ya jioni na ya asubuhi, hufika yakiwa na nyuzi 15. Siku tisa amepima. Kioo kinasoma 28, yakirekebishwa ni 27. Akadhani labda ng'ombe wake ni dhaifu.

Hapo nilimzidi. Maziwa ya ng'ombe hupanda na kushuka. Yakisoma 28 kila siku, mvua na jua, mwenye maziwa ana laktomita yake nyumbani na anaongeza maji hadi ifike. Hilo haliko kwenye jedwali. Alinitazama kama foleni ilivyomtazama yeye siku ya ng'ombe anayekohoa.

Ripoti yake inakwenda chuoni tarehe 28, na nakala kwa kamati. Haiwezi kwenda bila sahihi yangu. Amenikabidhi, ameondoka. Kutatua matatizo: sijui niandike nini. Matatizo ya nani?

Ijumaa, 7 Novemba

Lita 744. Sijasema chochote kwa yeyote. Nimerudisha walio karibu nyuma ya foleni. Wameniuliza kwa nini, nikasema ni kwa sababu ya matope.

Jumanne, 11 Novemba

Runji amekuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu.

"Yule mtoto wa Khalifa anapima maziwa yangu kwa ruhusa ya nani?"

"Anapima ya wote, mwenyekiti."

"Mimi ni wote?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, Muriithi. Watu wakisikia mlimwaga maziwa mazuri miaka sita watatuvunjia geti. Na anayemwaga ni nani? Si mimi. Tarehe 26 wajumbe wananisikiliza mimi. Fomu yake iko kwako. Chini ya arobaini anarudia, si ndiyo? Mpe thelathini na nane. Andika hana nidhamu, anasumbua wakulima. Ripoti ya mtu aliyeanguka nani ataisoma?"

"Na yangu?"

"Barua yako nitakuwa nayo mfukoni, imepigwa chapa. Meneja. Bila kaimu."

Alipoondoka nilichukua penseli nikaandika 38. Penseli inafutika, nilijiambia. Nimegawa vizuri hata nikashangaa: 8, 7, 7, 8, 8. Miaka ishirini na saba nimengoja hiyo barua. Nilioga kwa maji ya mitungi. Nilijifunza hesabu za ushirika kwa kusoma karatasi walizozitupa makarani. Kila karani aliyekuja na cheti nilimfundisha, na kila mmoja alipanda na kuniacha hapa. Huyu msichana akirudia mwaka mmoja, amepoteza mwaka mmoja tu. Ndivyo nilivyopiga hesabu. Inatoka sawa kila ninapoirudia, na siwezi kula.

Jumamosi, 15 Novemba

Amira kanisalimia, nikatazama viatu vyake. Gambuti zimekuwa za kazi. Siku hizi anaosha mitungi kwa maji ya moto na anawaita akina mama kwa majina ya watoto wao.

Jumanne, 18 Novemba

Baada ya foleni nimeenda kwa Kagure. Alikuwa anakata nepia, majani ya ng'ombe, kwa panga, hakuiweka chini.

"Mwana wa Gladwell. Leo umekuja kumwaga nini? Chai?"

"Tata, hukuweka maji."

"Hilo nilikwambia mimi."

"Nilikosea. Maziwa yalikuwa ya moto, na kioo..."

"Umejua lini?"

Ningeweza kudanganya. "Wiki mbili leo."

Panga likasimama. "Wiki mbili. Nyumba yangu iko hatua mia tatu, si ulizihesabu wewe? Hatua mia tatu umezitembea kwa wiki mbili? Kanisani Jumapili iliyopita nani alikaa karibu nami? Kiti kilikuwa kitupu, na kingine. Wewe ulikuwa umekaa mbele, nimekuona kisogo."

"Nitarudisha jina lako kwenye orodha."

"Jina langu silitaki nyumbani. Mlilimwaga kule, mbele ya watu. Hapa hakuna mtu, kuna ng'ombe, na ng'ombe anajua hakuna maji."

Akaendelea kukata. Sikuambiwa niketi, na sikustahili.

Jumatano, 19 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu, walio karibu na wa mbali wakiwa pamoja, nimepanda kwenye jukwaa la mitungi nikasema yote. Nimesoma majina ishirini na matatu niliyoyakata kwenye orodha. Nimesema mitungi 214, na kwamba wachache kati ya wenye mitungi hiyo pengine waliweka maji kweli, lakini sina tena njia ya kuwajua. Nimesema la Kagure mwanzo na mwisho. Yeye hakuwepo. Nilisema pia kwamba kuanzia leo kipimajoto kinatangulia kioo, kwa kila mtu, na nikaanza na mtungi wa Runji. Nyuzi 15, kioo 28. "Ishirini na saba," nikasema kwa sauti, "hayapokelewi." Sikuumwaga, nimeurudisha na mfuniko wake. Nguzo ile sitaitumia tena kwa mtu yeyote.

Sikupata makofi. Mama mmoja kasema, "Mume wangu alinipiga kwa ajili ya kioo chako." Mwingine katupa mfuniko ukanipata gotini. Aliyemwita Kagure mwizi ndiye aliyepiga kelele zaidi kwamba mimi ni mwizi.

Amira alikuwa akiandika joto, mtungi baada ya mtungi. Dakika tisini na moja foleni ilichukua.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimefuta 38. Ripoti nimeitia sahihi, na nakala imekwenda kwa kamati.

Jumatano, 26 Novemba

Kamati. Nilivaa koti. Runji hakuwa na hasira, alikuwa mpole kama daktari wa meno.

"Bwana Muriithi, ni kweli umekiri mbele ya wakulima kwamba miaka sita hukujua kutumia kifaa cha kazi yako?"

"Ni kweli."

"Na aliyekuonyesha ni mwanafunzi?"

"Ni kweli."

Akawageukia wajumbe, akainua ripoti ya Amira, nakala ile niliyoitia sahihi mwenyewe. "Basi ndugu zangu, hii hapa ndiyo sababu tunahitaji mtu aliyesoma." Mikono saba juu, miwili chini. Nilihesabu kwa mazoea. Kazi itatangazwa, digrii ni lazima. Mimi nitabaki karani wa kupokea, na barua inasema nitamsaidia meneja mpya kuzoea kituo. Kuhusu maziwa yake ya 27 hakuna aliyeuliza. Nilipotaja, nikaambiwa haiko kwenye ajenda.

Ijumaa, 28 Novemba

Siku yake ya mwisho. Nimejaza fomu kwa kalamu.

"Themanini na sita?" Amira kasema. "Nilidhani utanipa tisini, mzee, baada ya haya yote."

"Mitungi arobaini kwa maji baridi. Na kwenye vitabu uliruka mitatu."

"Mitatu kati ya mia mbili!"

"Kila mmoja ni mtu."

Akakubali. Kutatua matatizo nilimpa ishirini kamili, na sikumweleza. Kwenye nafasi ya cheo cha msimamizi niliandika kaimu meneja, maana hadi tarehe 31 Desemba bado ndimi. Alikunja koti lake, si jeupe tena, akaliweka kwenye mfuko wa bucha ya baba yake. Kisha akasimama mlangoni.

"Wakitangaza ile kazi, niombe?"

"Utakuwa umemaliza?"

"Aprili."

"Omba."

"Hutakasirika?"

"Nitakasirika sana. Omba."

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua imepungua. Saa moja kasorobo, foleni ikiwa bado ndefu, Kagure amekuja na lita tatu. Watu walimpisha hadi mbele, akakataa, akangoja zamu yake. Hakunisalimia. Aliweka mtungi mezani na kufungua mfuniko mwenyewe.

"Pima."

Kipimajoto: 31. Kioo: 27.

"Piga hesabu."

"Ishirini na tisa nukta mbili, tata."

"Wale wa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti ya kufika getini. Ishirini na tisa nukta mbili, Kagure, nambari 117, maziwa safi.

"Andika."

Nikaandika. Akainama, akasoma mstari wote kwa kidole. Kisha akafunga mfuniko, akauinua mtungi, akanigeuzia mgongo. Nikamwita, nikamwambia hajayamimina.

"Haya yana mwenyewe," akasema. "Yanaenda hotelini, kule barabarani. Wao hawana kioo." Akashuka njiani polepole, asimwage hata tone.

Jumla ya leo ni lita 688. Zake tatu hazimo.